Daftari la marehemu mjomba: takwimu zinaweza kusema nini kuhusu alama zisizosomeka?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kondoa. Mjomba wangu, aliyewahi kuwa karani wa ofisi ya serikali na baadaye katekista, alifariki akatuachia kaunta buku lenye kurasa 64 zilizojaa alama ambazo hakuna anayezijua. Si herufi za Kiarabu, si za kawaida hizi. Kwetu tunazungumza Kirangi na Kiswahili, naye alikijua pia Kigogo. Mama anasema kaka yake alioneshwa alama hizo ndotoni. Kaka yangu anasema mzee alikuwa anachorachora tu kupitisha muda. Je, kwa takwimu inawezekana kujua kama haya ni maandishi ya kweli? Na njia hizo zinaweza kusoma michoro ya miambani ya Kolo, huku kwetu Kondoa?

Jibu: Marahaba mwalimu, na poleni sana kwa msiba.

Kurasa 64 ni utajiri, na sisemi hivyo kukufariji. Diski ya Phaistos, diski ya udongo yenye maandishi yasiyojulikana, iliyofukuliwa kisiwani Krete, Ugiriki, mwaka 1908, ina alama 241 tu pande zote mbili. Ndiyo maana mpaka leo wanajitokeza watu wakidai wameisoma na hakuna njia ya kuwathibitisha. Maandishi ya Bonde la Indus, huko Pakistan na India, yako maelfu, lakini kwa wastani kila moja lina alama tano hivi. Mjomba wako, hata tukikisia alama 300 tu kwa ukurasa, amekuachia zaidi ya 19,000. Mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alionesha mwaka 1949 kwamba ujumbe wa Kiingereza uliofichwa kwa kubadilisha kila herufi na alama yake unahitaji takribani herufi 30 tu ili jibu lake liwe moja. Basi kama lugha iliyomo ni moja kati ya hizo tatu ulizozitaja, ulichonacho kinatosha na kubaki.

Takwimu zinaweza kukuonesha kama alama zinafuatana kwa mpangilio wa lugha, mfumo ni wa aina gani, na hata kama ndani yake kuna lugha ya Kibantu. Maana hazikupi, hiyo utaitafuta kwa njia nyingine nitakayoieleza. Na kuna jambo moja nitalirudia mpaka ulichoke: namba moja peke yake haisemi kitu. Kila utakachopima kwenye daftari, kipime pia kwenye maandishi ambayo unajua yametoka wapi, yenye urefu uleule.

Kabla ya kuhesabu chochote, fikiria kwamba mjomba alikuwa karani. Wewe umeshaona matangazo ya kazi za serikali yanayotaka mwombaji awe amefaulu hatimkato, yaani maandishi ya mkato ya kuandika upesi, ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika. Makarani na makatibu muhtasi walisoma alama hizo, na mtu asiyewahi kuziona anaweza kuapa kwamba ni maandishi ya majini. Mfumo wa Pitman, uliotokea Uingereza mwaka 1837, una vistari vyembamba na vinene, vilivyonyooka na vilivyopinda, vingine vikikaa juu ya mstari na vingine vikiukata, na irabu mara nyingi huachwa. Mtafute mama au mzee mmoja aliyekuwa katibu muhtasi enzi za taipureta umwoneshe kurasa mbili. Kama ni hatimkato atakuambia palepale, na mengi ninayoandika hapa chini hutayahitaji.

Kama siyo, tuje kwenye ndoto. Usimbishie mama. Momolu Duwalu Bukele, aliyebuni maandishi ya Kivai huko Liberia katika miaka ya 1830, husimuliwa kwamba aliota ndoto kwanza, na maandishi yake ni silabi kamili za lugha ya Kivai, yanatumika hadi leo. Mfalme Njoya wa Wabamum, Kameruni, naye husimuliwa kwamba alianza na ndoto mwishoni mwa karne ya 19. Alianza na mamia ya alama za maneno, akawa anazipunguza toleo baada ya toleo, mpaka kufikia mwaka 1910 hivi akabaki na takribani 80 za silabi. Afrika imejaa watu wa namna hii. Solomana Kanté alikamilisha maandishi ya N'Ko mwaka 1949. Ndugu wawili wa ukoo wa Barry kule Guinea walibuni Adlam mwaka 1989 wakiwa bado vijana wa shule, na leo alama zake zimo kwenye simu. Ipo pia Medefaidrin ya Nigeria, iliyozuka miaka ya 1930 ndani ya jumuiya ya kikristo ya Waibibio, na hao walibuni maandishi pamoja na lugha yenyewe. Kwa hiyo katekista aliyeota alama si kioja, wala ndoto si ushahidi kwamba hakuna lugha ndani. Ni habari ya alama zilikotoka, na sisi tunapima zinavyofanya kazi.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya kwanza, nayo haihitaji kompyuta: kuamua alama ipi ni sawa na ipi. Mkono wa mtu haurudii mchoro uleule mara mbili. Ile yenye mkia na ile isiyo na mkia ni alama mbili, au ni moja iliyoandikwa kwa haraka? Ukikosea hapa, kila hesabu inayofuata itakosea pamoja nawe. Kitabu cha Voynich, kitabu cha kale ambacho hakuna aliyethibitishwa kukisoma, kilichomo katika maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale, ambacho ngozi yake imepimwa na kuonekana ni ya kati ya mwaka 1404 na 1438, kimenakiliwa na watu kadhaa kwa namna tofauti. Mmoja anaona alama moja pale mwenzake anapoona tatu zilizoungana, na hesabu zao hazilingani. Kwa hiyo piga picha kila ukurasa mchana, kwenye kivuli, upe namba, kisha ipe kila alama namba yake: 01, 02, 03. Usizipe herufi. Ukiiita alama fulani "s" kwa sababu inafanana na s, kichwa chako kitaanza kusoma maneno ambayo hayapo. Pale unapoona shaka, nakili kwa kutofautisha. Kuunganisha alama mbili baadaye ni rahisi, ila ukishazichanganya kuzitenganisha ni kurudi mwanzo. Mpe na mtu mwingine anakili kurasa tano bila kuona za kwako, mlinganishe. Mnapotofautiana ndipo pa kuangalia tena.

Ukishanakili, hesabu alama tofauti ziko ngapi. Ukipata kati ya 20 na 40, yaelekea ni herufi, sauti moja alama moja. Ukipata kati ya 50 na 120 hivi, fikiria silabi, kama Kivai au kama maandishi ya Wacheroki wa Marekani yaliyobuniwa na Sequoyah mwaka 1821 yenye alama zaidi ya 80. Mamia na kuendelea, kuna alama za maneno ndani yake. Wewe una maandishi marefu, kwa hiyo idadi itatulia mapema. Chora grafu ya alama mpya kila ukurasa. Ikifika ukurasa wa kumi na hakuna alama mpya zinazotokea, orodha yako imetimia. Wenye maandishi mafupi hulazimika kukisia. Alan Mackay alitoa kanuni mwaka 1965: zidisha idadi ya alama zote kwa yenyewe, gawa kwa tofauti kati ya alama zote na alama tofauti, kisha toa alama zote. Diski ya Phaistos ina alama 241, tofauti 45. Zao la 241 kwa 241 ni 58,081, ukigawa kwa 196 unapata 296 na kitu, ukitoa 241 inabaki 55. Maana yake huenda mfumo mzima ulikuwa na alama kama 55, na kumi hazikupata nafasi ya kutokea kwenye diski. Kwa hiyo wengi hudhani ni silabi. Ila alama zikiendelea kuzaliwa mpaka ukurasa wa mwisho, hoja ya kaka yako inapata nguvu. Mtu anayechora tu hupenda kubuni.

Sasa tuingie kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu lugha zetu zinarahisisha mambo. Chukua sentensi hii ya kawaida: *Watoto wote walikwenda kisimani kuchota maji asubuhi.* Ina herufi 46, nikihesabu ch kuwa mbili kama zinavyoandikwa. Kati ya hizo 22 ni irabu, karibu nusu. Maneno ni saba, na yote saba yanaishia na irabu. Hakuna mahali ndani ya neno ambapo irabu mbili zimekaa pamoja. Mtu asiyejua Kiswahili, aliyepewa sentensi hii kwa alama ngeni, anaweza kuzitambua irabu zote bila kuambiwa chochote.

Mtaalamu wa Kisovieti, Boris Sukhotin, alitoa njia hiyo mwaka 1962. Mwanzoni chukulia kila alama ni konsonanti. Hesabu kila moja imepakana na alama nyingine mara ngapi ndani ya maneno. Yenye jumla kubwa kuliko zote itangaze irabu. Halafu kila alama iliyobaki ipunguzie mbili kwa kila mara ilipopakana na irabu hiyo. Rudia, mpaka isibaki yenye jumla inayozidi sifuri. Kwenye sentensi yetu a ina 11, i ina 9, t ina 8, o ina 7, u ina 6. Itazame t: imeizidi o na u, na mtu wa haraka angeiita irabu. Lakini a ikishatangazwa, t inapoteza nne kwa kuwa ilipakana nayo mara mbili, inabaki na 4. Inafuata i kwa 9, kisha o kwa 7. Na kwa kuwa t ilipakana na o mara tano, inaporomoka chini ya sifuri. Baadaye u, mwisho e, na hesabu inakoma yenyewe. Irabu tano zimepatikana kutoka sentensi moja ya herufi 46. Fanya mwenyewe na wanafunzi wako ubaoni, kipindi kimoja kinatosha.

Kwenye daftari la mjomba njia hii inakupa zaidi ya irabu. Kiswahili na Kigogo vina irabu tano, Kirangi kina saba. Kama alama zinazojitenga ni tano, elekea kwenye Kiswahili au Kigogo. Kama ni saba, na mjomba alikuwa na sikio zuri, yawezekana aliandika lugha ya nyumbani, na huenda alibuni alama zake kwa sababu hiyohiyo, kwamba herufi tano za shule hazikumtosha. Na kama njia ya Sukhotin haitenganishi chochote, alama zote zikijichanganya bila makundi mawili, basi huenda ni silabi, na idadi ya alama tofauti itakuwa imeshakudokezea.

Endelea kwenye maneno mafupi. Kiswahili kimejaa ya, wa, la, za, na. Kwa mfumo wa herufi utaona kundi la maneno ya alama mbilimbili, mengi sana, yote yakiishia na alama ileile. Kwa mfumo wa silabi utaona maneno ya alama mojamoja yakitokea katikati ya mistari tena na tena. Viunganishi vya namna hiyo vimo katika lugha za Kibantu kwa jumla, na sijui njia ya kuviiga kwa kubahatisha.

Kisha mgeuze Alice Kober juu chini. Huyu alikuwa mwalimu wa Brooklyn College, New York, aliyekuwa akiyachambua maandishi ya Linear B ya Krete na Ugiriki miaka ya 1940 bila kujua ni lugha gani, akikata kadi kutoka kwenye karatasi zilizokwishatumika, kwa sababu karatasi ilikuwa adimu, na kuzitunza kwenye makasha ya sigara. Alikataa kabisa kukisia sauti. Alichotafuta ni maneno yaliyofanana mwanzo na kutofautiana mwisho, akaonesha kwamba lugha ile hubadilisha miisho ya maneno. Alifariki mwaka 1950, miaka miwili kabla ya Michael Ventris kuonesha kwamba kilichoandikwa ni Kigiriki, na bila jedwali la Kober Ventris asingekuwa na pa kuanzia. Sisi Wabantu mabadiliko yetu makubwa yako mwanzoni: mtoto, watoto; kisima, visima; walikwenda, tulikwenda, nilikwenda. Kwa hiyo panga orodha ya maneno ya daftari kwa kuanzia alama ya mwisho kurudi nyuma, yale yenye mkia mmoja yakae pamoja, uone kama vichwa vyake vinabadilika kwa seti ndogo ya alama zilezile. Ukiiona seti hiyo, kaka yako atakuwa na kazi ya kujieleza.

Utasikia sana habari za entropia, kipimo cha Shannon cha mashaka: ukiijua alama hii, inayofuata unaikisia kwa shida kiasi gani? Ikiwa alama zimerushwa ovyo, huwezi kukisia. Ikiwa ni pambo linalojirudia, unakisia kila mara. Lugha iko katikati. Hapo ndipo watu wengi wameteleza. William Bennett alipokipima kitabu cha Voynich miaka ya 1970 aliona kinatabirika mno kuliko lugha za Ulaya, akaona kinakaribiana zaidi na Kihawaii. Kihawaii nacho ni lugha ya silabi wazi, konsonanti irabu, konsonanti irabu, na ina herufi chache. Sasa fikiria mtu anakichukua kipimo cha Kiingereza, analipima daftari lenye Kirangi, anakuta linatabirika kupita kiasi, anahitimisha kwamba mzee alikuwa anachora. Atakuwa amelidhulumu daftari kwa kosa la mizani. Chukua Kiswahili chenye alama 19,000, ukipime. Chukua Injili ya Kigogo, uipime. Hapo ndipo namba ya mjomba itapata pa kukaa.

Mzozo wa Indus ulitokana na hilohilo. Mwaka 2004 Steve Farmer, Richard Sproat na Michael Witzel walidai alama zile si maandishi ya lugha hata kidogo. Mwaka 2009 Rajesh Rao na wenzake wakachapisha katika jarida la Science kwamba entropia yake inaangukia palipo na lugha. Sproat akajibu kwamba vitu walivyolinganisha navyo kama visivyo lugha vilikuwa vya kupindukia, vingine vya kubahatisha kabisa na vingine vya mpangilio mgumu kabisa, na kati ya hivyo viwili kitu chochote chenye mpangilio kiasi kingeangukia palepale. Kwa maoni yangu Sproat alikuwa na hoja juu ya kipimo, ingawa hoja yake haithibitishi kwamba Indus si lugha. Januari 2025 Waziri Mkuu wa jimbo la Tamil Nadu alitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeyasoma. Fedha hazitaongeza urefu wa maandishi.

Kanuni ya Zipf, ile isemayo neno la pili kwa wingi hutokea nusu ya la kwanza, la tatu theluthi, nakuomba usiitegemee. George Miller alionesha mwaka 1957 kwamba hata herufi zinazobonyezwa ovyo, nafasi ikiwa kitufe kimojawapo, hutoa mpangilio unaofanana na huo. Tena Kiswahili kinaunganisha nafsi, wakati na kitenzi katika neno moja, kwa hiyo maneno yanayotokea mara moja tu huwa mengi mno kuliko Kiingereza. Usitishike ukiyaona.

Hoja ya kaka yako inastahili kupimwa kwa heshima ileile. Binadamu hawezi kubahatisha. Akiambiwa ajaze ukurasa kwa maandishi ya uongo, mkono wake hurudi kwa kile ulichokiandika punde, ukibadilisha kidogo hapa na pale. Torsten Timm na Andreas Schinner walipendekeza mwaka 2019 kwamba kitabu cha Voynich kiliandikwa hivyo, mwandishi akinakili maneno yake mwenyewe ya mistari ya juu na kuyageuzageuza. Mwaka 2022 Daniel Gaskell na Claire Bowern waliwapa watu wa kawaida kazi ya kuandika maandishi yasiyo na maana, na vipimo vya maandishi hayo vikakaribiana na vya Voynich katika mambo mengi. Nawe unalo darasa. Wape wanafunzi kadhaa wa kidato cha tatu kurasa tatu tatu wazijaze kwa "maandishi" ya kubuni yasiyo na maana, na wengine kadhaa waandike Kiswahili kwa alama walizobuni wenyewe. Usijue nani aliandika nini. Zihesabu kama unavyolihesabu daftari. Kama huwezi kuzitenganisha hizo, basi huwezi bado kusema lolote juu ya mjomba. Ukiweza, tazama daftari limekaa upande upi. Angalia hasa maneno yanayofanana: yanakaa mstari mmoja chini ya mwingine, au yanasambaa kufuata mada, likatokea neno mara nyingi kurasa tatu kisha likapotea? Mtu mwenye la kusema hubadilisha mada.

Tuseme umefika hapo na daftari limesimama upande wa lugha. Sasa takwimu zimemaliza kazi yake na ujuzi wako wa nyumbani unaanza. Tafuta majina ya mahali, maana hayo hata katekista hawezi kuyakwepa. Dodoma kwa herufi ni 1-2-1-2-3-4. Mpwapwa ni zawadi kubwa zaidi: 1-2-3-4-2-3-4, alama saba, tatu za mwisho zikirudia tatu zilizotangulia. Sidhani kama utakuta maneno mengi yenye umbo hilo. Ukilipata, una m, p, w na a kwa mkupuo, na ukizipeleka kwenye yale maneno ya alama mbilimbili utajua palepale kama wa iko mahali pake. Ventris alipita njia hiyo kwa mabamba ya udongo ya Linear B yaliyopatikana Knossos. Alidhani baadhi ya maneno ni miji ya Krete, akajaribu Amnisos na Knossos yenyewe, na sauti zikaanza kukubaliana.

Lakini kukubaliana kwa maneno matatu hakutoshi, na hapa ndipo ninapokuomba uwe mkali kwa nafsi yako. Kilichowanyamazisha wenye shaka juu ya Ventris ni bamba ambalo yeye hakulitumia. Carl Blegen, mwanaakiolojia aliyekuwa akichimba Pylos, Ugiriki, alijaribu mwaka 1953 kulisoma bamba jipya kwa jedwali la Ventris. Pembeni mwa picha za vyungu vya miguu mitatu likatoka neno la chungu cha miguu mitatu, na pembeni mwa vikombe vya mishikio minne, mitatu, na kisicho na mshikio, yakatoka maneno yenye kusema hivyo. Kwa hiyo leo hii, kabla hujaanza, chagua kurasa 10, zifunge kwenye bahasha, mpe mama azitunze. Jenga ufunguo wako kwa kurasa 54. Siku ukiamini umeufikia, fungua bahasha usome bila kubadilisha alama hata moja. Ikitoka Kirangi ambacho mama anaelewa bila wewe kumsaidia, umesoma.

Kuhusu zile programu za akili mnemba ambazo wanafunzi wako watakushauri uzipelekee picha: zitakupa tafsiri nzuri, yenye ufasaha na yenye uhakika, hata kama ukurasa ni wa michoro ya mtoto. Zitumie kukuandikia programu ya kuhesabu, si kukusomea.

Michoro ya Kolo haiingii katika njia hizi. Imeorodheshwa na UNESCO mwaka 2006, na ni hazina ya kiwango kingine, lakini twiga na watu waliochorwa kwa rangi nyekundu, na maumbo meupe ya baadaye, hawajapangwa kwa mistari ya alama zinazojirudia. Ukihesabu utapata namba zisizo na cha kulinganishwa nacho. Maana ya michoro ile iulizwe kwa wanaakiolojia, kwa Wasandawe, na kwa wazee ambao hadi leo wanafanya matambiko katika baadhi ya miamba hiyo.

La mwisho ni la familia. Karani aliyekuwa katekista anaweza kuwa aliandika sala, madeni, au siri za watu waliomjia kuungama shida zao. Kabla bahasha haijafungwa, kaeni na mama na kaka mkubaliane nani atasikia kitakachosomeka kwanza. Kisha anza na kurasa zenye kitu kinachofanana na tarehe au hesabu, kwa kuwa namba hutulia kwenye pembe na mwisho wa mistari na hutambulika mapema. Ukifikisha alama 500 za kwanza nitumie orodha yake pamoja na picha za kurasa hizo, tuangalie pamoja kama zile zenye mkia na zisizo na mkia umezitenganisha sawasawa.